Mkojo wa leo, ugonjwa wa miaka iliyopita: uchambuzi wa kisa cha bisfenoli A

Mtu anapanda ngazi za trela iliyogeuzwa kliniki. Anapimwa uzito, urefu, mzingo wa kiuno na shinikizo la damu. Anatolewa damu. Kisha anakabidhiwa kikombe na kuoneshwa mlango wa msala. Mkojo wake utagawanywa kwenye vichupa na kupelekwa maabara. Kabla ya siku hiyo, akiwa nyumbani kwake, mhojaji alikuwa amemsomea swali kutoka kwenye dodoso: je, daktari au mhudumu mwingine wa afya amewahi kukuambia kwamba una ugonjwa wa mishipa ya moyo? Akajibu, na mhojaji akaendelea na swali linalofuata.

Kikombe kile na jibu lile ndivyo vilivyozaa kisa ninachokichambua hapa: utafiti wa 2008 uliohusisha kemikali ya bisfenoli A kwenye mkojo na ugonjwa wa moyo na kisukari. Nimekichagua kwa sababu watafiti walikuwa hodari, data ilikuwa nzuri na jarida lilikuwa kubwa. Ukichambua utafiti mbovu unajifunza kuhusu ubovu wake tu. Ukichambua uliofanywa kwa uangalifu, unauona mpaka wa usanifu wenyewe, yaani pale ambapo hata mwangalifu hawezi kupita.

Trela hizo ni za NHANES, uchunguzi wa taifa wa afya na lishe wa Marekani, unaosimamiwa na kituo cha takwimu za afya kilicho chini ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa. Tangu 1999 unafanyika mfululizo, ukiacha uliposimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, takribani watu 5,000 kila mwaka, na data yake kwa kawaida hutolewa kwa duru za miaka miwili miwili kwa yeyote anayetaka kuitumia. Washiriki huchaguliwa kwa bahati nasibu yenye hatua kadhaa, na baadhi ya makundi huchukuliwa kwa wingi kuliko sehemu yao katika jamii, ili idadi yao itoshe kuchanganuliwa. Ndiyo maana kila mshiriki ana uzito wake wa kitakwimu, yaani idadi ya watu anaowawakilisha nchini, na anayeusahau anapata majibu ya sampuli badala ya majibu ya nchi.

Katika duru ya 2003–2004, theluthi moja ya washiriki walipimwa bisfenoli A kwenye mkojo. Bisfenoli A, kwa kifupi BPA, ni kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu ya polikaboneti na utando wa epoksi unaopakwa ndani ya makopo ya kuhifadhia chakula. Huingia mwilini zaidi kwa njia ya chakula na vinywaji, na inajulikana kwa kuigiza homoni ya estrojeni. Sababu ya kuichunguza ilikuwepo, na ilikuwa nzito.

Septemba 2008, Iain Lang na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la JAMA. Walikuwa na watu wazima 1,455 wenye umri wa miaka 18 hadi 74. Waliosema waliwahi kuambiwa wana angina, ugonjwa wa mishipa ya moyo au mshtuko wa moyo walihesabiwa pamoja kama wenye ugonjwa wa moyo. Baada ya kurekebisha hesabu ili kuzingatia tofauti za umri, jinsia, asili, elimu, kipato, uvutaji sigara, unene na mzingo wa kiuno, pamoja na kreatinini ya mkojo (inayosaidia kulinganisha mkojo mzito na mwepesi), uwiano wa odi kwa ugonjwa wa moyo, ambao nitaueleza zaidi mbele na ambao ukiwa 1 maana yake hakuna uhusiano, ulikuwa 1.39 kwa kila mkengeuko wastani mmoja wa BPA, yaani kipimo cha jinsi viwango vya watu vinavyotawanyika, na mipaka ya uhakika wa asilimia 95, yaani masafa ambamo thamani halisi inakadiriwa kuwemo, ilikuwa 1.18 na 1.63. Kwa kisukari ulikuwa 1.39 vilevile, kati ya 1.21 na 1.60. Vimeng'enya vya ini navyo vilionesha uhusiano. Magonjwa mengine ya kawaida waliyoyaangalia hayakuonesha.

Watafiti wenyewe waliandika kwamba matokeo yanahitaji kurudiwa na kufuatiliwa kabla ya kusemwa kuwa kemikali ndiyo chanzo. Nalisema hili mapema ili haki itendeke. Ninachokichambua ni mzigo ambao wasomaji waliutwika utafiti wao.

Siku moja, nyakati mbili

Tunapofundisha utafiti wa sehemu mtambuka, au utafiti wa mara moja kama wengi tunavyouita kazini, tunasema: kisababishi kinachodhaniwa na ugonjwa hupimwa kwa wakati mmoja. Mwanafunzi anaandika, anakariri, na kwenye mtihani anaongeza kwamba kwa hiyo hatuwezi kujua kipi kilitangulia. Anapata alama zake.

Nimesahihisha sentensi hiyo mara nyingi, na kadiri miaka inavyokwenda ninazidi kuona kwamba haitoshi. Ni kweli kwamba vitu viwili vinapimwa siku moja, au siku zilizokaribiana. Lakini havihusu siku moja. Kila kipimo kina wakati wake ndani yake, na wakati huo ndio tunaopaswa kuuliza kabla ya kugusa kompyuta.

Tazama lugha ya dodoso. Neno linalobeba swali zima ni "amewahi". Aliyeambiwa wiki iliyopita atajibu ndiyo, na aliyeambiwa miaka 20 iliyopita, akatibiwa, akabadili maisha na sasa anajisikia vizuri, naye atajibu ndiyo. Jibu lake linameza maisha yake yote ya utu uzima.

Sasa tazama mkojo. BPA iliyoingia kwa mdomo hubadilishwa kwenye ini na kutolewa kwa figo haraka sana. Nusu-uhai wake mwilini ni wa saa chache, kwa kawaida chini ya sita. Tukichukua hizo sita kamili kwa ajili ya hesabu, baada ya siku moja dozi imepungua nusu mara nne, imebaki sehemu moja kati ya 16. Baada ya siku mbili imebaki sehemu moja kati ya 256. Kipimo cha maabara kinaeleza jana na leo asubuhi, basi. Zaidi ya hapo, katika NHANES washiriki hupangiwa vipindi tofauti vya kufika, na wa asubuhi huombwa wafike bila kula. Saa za kukaa bila kula peke yake zaweza kubadili kinachokutwa kwenye kikombe.

Kwa hiyo upande mmoja tuna kipimo cha saa 24, na upande wa pili tuna historia inayoweza kuwa ya miongo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo wenyewe hujengeka taratibu kwa miaka mingi kabla daktari hajauona. Ukiupanga huu mfuatano kwenye mstari wa wakati, kinachoitwa kisababishi kimekaa mwishoni kabisa, baada ya ugonjwa kuanza, baada ya kugunduliwa na baada ya kutibiwa.

Utetezi unaostahili kusikilizwa

Mtetezi wa utafiti huu atasema: sawa, mkojo ni wa jana, lakini mazoea ya watu hayabadilibadili sana. Anayetumia sana vyakula vya makopo leo huenda alivitumia pia miaka kumi iliyopita. Kikombe kimoja ni kipimo dhaifu cha mazoea hayo, lakini si bure. Ataongeza hoja ya pili yenye nguvu zaidi: kipimo kinachokosea ovyoovyo, bila kujali nani mgonjwa na nani mzima, kwa kawaida hufifisha uhusiano na kuuvuta kuelekea 1. Kama bado tumeona 1.39 licha ya kelele zote hizo, basi huenda ukweli ni mkubwa zaidi.

Hoja hii ni nzuri, na wakosoaji wengi huikimbia. Wanasema tu "walipima mara moja" kana kwamba hilo linamaliza kesi. Halimalizi. Kosa la kipimo likiwa pofu, linamdhulumu mtafiti, halimpendelei.

Shida ni hilo sharti la upofu. Je, kosa la kikombe hiki halimjui mgonjwa? Mfikirie mtu aliyegunduliwa na kisukari miaka minane iliyopita. Ameshauriwa abadili anachokula na anachokunywa. Anameza dawa kila siku. Anahudhuria kliniki, anatolewa damu, na pengine amelazwa na kuwekewa mirija ya plastiki. Kama sukari haijadhibitiwa, ana kiu, anakunywa zaidi na kukojoa zaidi. Kila moja ya hayo laweza kugusa BPA ya mkojo wake, ama kwa kuongeza kinachoingia au kwa kubadili jinsi kinavyotoka. Sisemi kwamba lilitokea. Ninasema kwamba usanifu huu hauna njia ya kuonesha halikutokea, na kwamba mishale hii yote inatoka kwenye ugonjwa kuelekea kwenye kikombe. Hapo kelele si pofu tena.

Nikae kidogo kwenye kreatinini, kwa sababu hapo watu hupita mbio. Mkojo wa mtu aliyekunywa maji mengi ni mwepesi, kwa hiyo kila kemikali ndani yake huonekana kidogo. Ili kulinganisha watu, watafiti huzingatia kreatinini, taka ya misuli inayotolewa kwa kiasi kinachokaribia kuwa thabiti. Utaratibu huo ni wa lazima, lakini kreatinini nayo ina tabia zake. Mwenye misuli mingi hutoa nyingi, mzee hutoa kidogo, na figo zilizochoka hubadili hesabu yote. Kisukari cha muda mrefu huumiza figo. Ugonjwa wa moyo na figo huandamana. Kwa hiyo hata chombo tulichokishika ili kusafisha kipimo kimeshikwa na ugonjwa tunaouchunguza. Ukirekebisha unaingiza kosa moja, usiporekebisha unaliacha lingine. Lang na wenzake walifanya lililo bora kati ya hayo mawili.

Waliopo na wasiopo

Kuna jambo la pili ambalo halina uhusiano na mkojo, na naliona linasahaulika hata na wazoefu. Trela haiwezi kumpima aliyekufa. Aliyepata mshtuko wa moyo wa kwanza ukamuua hakujibu dodoso. Wanaoishi kwenye taasisi, kama nyumba za kulelea wazee wagonjwa, nao hawamo, kwa sababu NHANES huchukua watu wasio wanajeshi wanaoishi nje ya taasisi. Wagonjwa wa moyo waliohesabiwa ni wale walioishi na ugonjwa na bado wana nguvu za kupanda ngazi.

Utafiti wa mara moja huhesabu wenye ugonjwa waliopo, hauhesabu wanaoupata. Hesabu ya waliopo ni zao la mambo mawili: wangapi wanaupata kila mwaka, na wanaishi nao miaka mingapi. Tuseme tuna makundi mawili ya watu 1,000 kila moja. Katika kila kundi wanaugua watu 10 kila mwaka, sawasawa kabisa. Kundi la kwanza wagonjwa huishi miaka mitano baada ya kuugua, la pili huishi 15. Ukifika na trela lako siku yoyote utakuta takribani wagonjwa 50 kundi la kwanza na takribani 150 kundi la pili. Mara tatu! Utaandika kwamba kuna kitu katika kundi la pili kinacholeta ugonjwa, kumbe kinachotofautiana ni matibabu tu, na kundi unalolihurumia ndilo lenye bahati.

Jerzy Neyman aliionesha hatari hii mwaka 1955, na hadi leo upendeleo huu unaitwa kwa jina lake. Katika kisa chetu swali linakuwa hivi: je, wenye BPA ya juu wanaugua zaidi, au walio wagonjwa na wenye maisha yanayoambatana na BPA ya juu ndio wanaoishi muda mrefu zaidi na ugonjwa wao? Namba 1.39 haitofautishi.

Ndiyo maana pia namba hiyo haipaswi kusomwa kama hatari ya kuugua. Odi ni wenye ugonjwa kugawanywa kwa wasio nao, siku ile ya kupimwa. Uwiano wa odi wa 1.39 unasema kwamba tukipanda mkengeuko wastani mmoja wa BPA, odi ya kumkuta mtu mwenye ugonjwa ni mara 1.39. Kitenzi ni "kumkuta". Kuugua ni tukio, na hakuna tukio lililoshuhudiwa ndani ya trela.

Kurudia, kukagua, kufuatilia

Kuhusu bahati, yaani uhusiano unaojitokeza kwa sadfa tu, nitasema kwa kifupi. Ripoti ya nne ya CDC kuhusu kemikali mwilini, ya mwaka 2009, ilikuwa na kemikali 212. Chukua magonjwa na vipimo 20 tu, kisha jaribu kila kemikali na kila ugonjwa: ni majaribio 4,240. Hata kama hakuna kemikali yoyote inayomdhuru mtu, kwa kigezo cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kati ya 100, utapata "uhusiano" takribani 212. Hakuna mtafiti mmoja anayefanya majaribio yote hayo, lakini data ikiwa wazi kwa wote, jumuiya nzima ya watafiti inayafanya kwa pamoja, na yanayochapishwa ni yale yaliyong'aa.

Dawa ya bahati ni kurudia. Timu hiyohiyo, safari hii David Melzer akiwa mwandishi wa kwanza, ilirudia mwaka 2010 katika PLoS ONE kwa data ya 2005–2006, watu 1,493. Uwiano wa ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa 1.33, na mpaka wa chini wa uhakika ukagusa 1.01. Kwa kisukari, duru mpya peke yake haikutoa uhusiano unaoweza kutofautishwa na bahati, ingawa duru mbili zikiunganishwa ulibaki, 1.24.

Wasomaji wengi waliona hapo uthibitisho, angalau kwa moyo. Kurudia kwa sampuli mpya ni kazi ya heshima, na kunapunguza sana shaka ya bahati. Lakini trela ni lilelile, swali ni lilelile lenye "amewahi", kikombe ni kilekile cha saa chache. Kama ugonjwa unabadili mkojo, utaubadili 2006 kama ulivyoubadili 2004. Kosa lililojengwa ndani ya usanifu haliondoki kwa kurudia usanifu. Linarudi na sura ya ushahidi mpya.

Kisha ukaja ukaguzi wa aina nyingine. Mwaka 2012 Judy LaKind na wenzake walichukua duru nne, kuanzia 2003 hadi 2010, wakaweka vigezo vyao vya nani aingizwe na nani aachwe, na ugonjwa utambuliwe vipi, kisha wakachanganua upya. Hawakupata uhusiano kati ya BPA na ugonjwa wa moyo wala kisukari. Chanzo cha data kilikuwa kilekile, ila uamuzi ulitofautiana. Mtu anaweza kubishana na vigezo vyao kama anavyoweza kubishana na vya wale wa kwanza. Kwangu uzito uko kwenye ukweli kwamba uhusiano ulitegemea uamuzi wa meza ya uchanganuzi kiasi hicho.

Mwaka huohuo wa 2012 kikaja kile ambacho utafiti wa mara moja ulikuwa unakihitaji tangu mwanzo: wakati. Melzer na wenzake walichapisha katika jarida la Circulation uchanganuzi kutoka EPIC-Norfolk, utafiti wa ufuatiliaji wa Uingereza, ambako watu walitoa mkojo miaka ya 1990 wakiwa hawana dalili za ugonjwa wa moyo, ukahifadhiwa, na wao wakafuatiliwa. Watu 758 walioupata ugonjwa baadaye walilinganishwa na 861 ambao hawakuupata, katika ufuatiliaji wa miaka 10.8. Uwiano ulikuwa 1.13 kwa mkengeuko wastani mmoja, na baada ya marekebisho 1.11, mpaka wa chini ukiwa 1.00.

Hapa mkojo umetangulia ugonjwa. Hakuna aliyebadili maisha yake kwa sababu ya utambuzi ambao haujafanyika. Na namba ikashuka. Sitaki kuisoma kushuka huko kirahisi, kwa sababu mkengeuko wastani wa Norfolk si lazima ulingane na wa Marekani, na kikombe bado kilikuwa kimoja cha saa chache. Safari hii lakini kelele zake zinakaribia kuwa pofu, kwa hiyo hoja ya mtetezi wetu inapata nguvu hapa kuliko ilivyokuwa 2008. Ninachokiona ni kwamba kama kuna kitu, ni kidogo, na sehemu kubwa ya ile 1.39 ilihitaji maelezo mengine.

Alichokijua trela vizuri

Ingekuwa dhuluma kuondoka hapa tukidhani usanifu wenyewe ni duni. Trela zilezile zilitoa jibu moja ambalo hakuna usanifu mwingine ungelitoa kwa ubora ule. Katika duru ya 2003–2004, Antonia Calafat na wenzake wa CDC walipima watu 2,517 wenye umri wa miaka sita na kuendelea, wakaikuta BPA kwenye mkojo wa asilimia 92.6. Kuanzia siku hiyo kemikali hii haikuweza kuzungumzwa kama jambo la wafanyakazi wa viwandani peke yao. Na duru iliyofuata ilionesha wastani wa kijometri (wastani usioyumbishwa sana na viwango vichache vikubwa) kwa watu wazima ukishuka kutoka nanogramu 2.49 kwa mililita hadi 1.79.

Angalia jinsi udhaifu wote niliouorodhesha unavyoyeyuka kwenye swali hili. Mkojo ni wa jana? Vizuri, tulitaka kujua watu wana nini sasa. Mtu mmoja anapanda na kushuka? Katika maelfu ya watu kupanda na kushuka huko hufutana, na wastani wa jamii unabaki kuaminika. Kipi kilitangulia? Hatukuuliza. Swali la "wangapi, kiasi gani, wapi" ndilo la usanifu huu, na unalijibu kwa haraka na kwa gharama ambayo ufuatiliaji wa miaka kumi hauwezi kushindana nayo. Ninaumia ninapoona wanafunzi wakiona haya kuandika jibu hilo, wakiliweka kwenye jedwali la kwanza na kulipita, kisha wakikimbilia jedwali la tatu kutafuta visababishi ambavyo data yao haina uwezo wa kuvitaja.

Lugha yetu inaweza kutusaidia hapa. Ukiandika "BPA huongeza ugonjwa wa moyo", umedai kwamba kulikuwa na kabla na baada, maana kitu hakiongezeki bila hizo mbili. Ukiandika "husababisha", umedai zaidi. Hata "inachangia" imebeba mshale. Sentensi ambayo data ya 2008 inaibeba ni hii: "waliokutwa na BPA nyingi walikuwa na odi kubwa zaidi ya kuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa wa moyo." Ni ndefu, na haivutii kwenye kichwa cha habari. Ndiyo sahihi.

Na kukosoa ushahidi mmoja si kuisafisha kemikali. Umoja wa Ulaya na Marekani ziliizuia BPA kwenye chupa za watoto wachanga, 2011 na 2012. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango kinachovumilika kwa siku hadi nanogramu 0.2 kwa kilo ya uzito wa mwili, mara 20,000 chini ya kile cha awali, kwa kuzingatia athari kwenye mfumo wa kinga zilizoonekana kwa wanyama. Uamuzi huo haukutoka kwenye trela. Anayesema "utafiti wa 2008 ulikuwa dhaifu, kwa hiyo BPA ni salama" amefanya kosa lilelile la aliyesema "uhusiano umeonekana, kwa hiyo BPA inaua".

Jedwali ambalo ningeliomba

Kama ningepewa makala ile kuipitia kabla haijachapishwa, nisingeikataa. Ningeomba jedwali moja la ziada, na data yake ilikuwepo tayari.

NHANES haiulizi tu kama uliwahi kuambiwa. Kwa kisukari na kwa magonjwa haya ya moyo inauliza pia ulikuwa na umri gani ulipoambiwa kwa mara ya kwanza. Toa umri huo kwenye umri wa sasa, unapata miaka tangu utambuzi. Wagawe wagonjwa: walioambiwa mwaka huu au uliopita upande mmoja, walioambiwa zamani upande wa pili, kisha linganisha BPA ya kila kundi na ya wasio wagonjwa.

Kwa kisukari kuna njia kali zaidi. Washiriki walipimwa sukari kwenye damu. Kwa hiyo ndani ya wale 1,455 walitarajiwa kuwemo watu ambao damu yao inasema kisukari, lakini kwenye dodoso walijibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia. Watu hawa ni wa thamani sana. Hawajabadili chakula kwa ushauri wa daktari, hawamezi dawa za sukari, hawahudhurii kliniki ya kisukari. Ugonjwa upo, utambuzi haupo. Kama BPA yao iko juu kama ya waliogunduliwa, maelezo ya "maisha yalibadilika baada ya kuambiwa" yanaanguka, ingawa kiu na mkojo mwingi vingebaki kuhojiwa. Kama BPA yao inafanana na ya wazima, basi tumejua kwamba uhusiano ulikuwa umefungamana na kuambiwa, na si na kuugua. Watakuwa wachache, na mipaka ya uhakika itakuwa mipana. Iandikwe hivyohivyo, na upana wake, karibu na ile 1.39.